Mvua imetukuta hapa

Jumanne iliyopita mguu wangu wa kushoto uliingia kanisani kabla yangu. Nilikuwa juu ya dari nikifuata waya wa taa uliotafunwa na panya. Buti likateleza kwenye boriti, ubao mwembamba wa dari ukavunjika, na mguu ukaning'inia hewani mpaka gotini. Chini walikuwepo akina mama wa kwaya wakifanya mazoezi. Wimbo ulikatika. Nikasikia mmoja akicheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na wote wakamfuata.

Kosa ni langu. Kila siku namhubiria kijana ninayemfundisha kazi: kanyaga boriti, usikanyage dari. Siku hiyo nilikuwa naongea na simu. Kanisa lenyewe silitaji, mtaniwia radhi. Ni mojawapo ya yale ya zamani yaliyo juu ya vilima vya Kampala, na bado nategemea kuitwa tena.

Ili kujinasua nilikumbatia kenchi kwa mikono miwili, uso ukiwa karibu na mbao kiasi cha kunusa vumbi na mavi ya popo. Tochi ya kichwani ilikuwa inamulika mahali ambapo nisingetazama hata kwa malipo. Pale, kwa penseli nene ya seremala, herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo, palikuwa na maneno haya: "Mvua imetukuta hapa. 14/3/58."

Hakuna jina. Kiswahili safi, Kampala, mwaka 1958, miaka minne kabla ya uhuru. Wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa hawataona ajabu, lakini jamaa, katika mji huu ukiongea Kiswahili kwenye teksi watu hukutazama mkononi kama umebeba bunduki. Wazee wanakumbuka ni nani waliokuwa wakibisha mlango usiku kwa lugha hii. Mimi nimezaliwa Busia, upande wa Uganda, mtaa ambao hata kuku huvuka mpaka mara tatu kwa siku, kwa hiyo Kiswahili kwangu ni lugha ya sokoni na ya nyumbani pia. Lakini nilisahau kwamba kwenye ujenzi, Mluo, Msamia, Mwacholi na Mkongo wakikutana juu ya paa moja, hakuna lugha nyingine ya kuitisha nyundo.

Tangu siku hiyo usiku wangu umeharibika. Nikimaliza kula nashika simu na kusoma habari za majengo mashuhuri ya dunia. Kumbi na mazulia yake hazinihusu. Natafuta juu ya dari, chini ya sakafu, ndani ya mkono wa sanamu, kule anakoingia fundi na ndoo yake. Na swali langu ni moja tu: je, na kule kuna mtu aliyeandika?

Kuna. Tena wameandika kabla hata ya karatasi kufika kwao.

Kwenye Piramidi Kuu ya Giza, kule Misri, juu ya chumba alichowekewa mfalme Khufu jeneza lake la mawe, kuna vyumba vitano vifupi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambavyo inaaminika vilijengwa kupunguza uzito unaokandamiza dari la chumba cha mfalme. Havikukusudiwa kuonwa na mtu. Cha chini kabisa kiliingiwa na Mwingereza mmoja mwaka 1765. Vile vinne vya juu vilifunguliwa kwa baruti mwaka 1837, na huyo aliyetumia baruti ningemfukuza kazini saa hiyo hiyo. Lakini ndani yake kulikutwa maandishi ya rangi nyekundu, yamepakwa haraka haraka kwenye mawe, mengine yamepinduka miguu juu kwa sababu jiwe liliandikwa likiwa bado chini kisha likageuzwa wakati wa kupandishwa. Ni majina ya magenge ya wafanyakazi. Genge moja lilijiita Marafiki wa Khufu. Nimekaa nikicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini: miaka zaidi ya 4,500 iliyopita, vibarua wanajipa jina kama timu ya mpira ya mtaa, na wanaliandika mahali ambapo bosi hatafika.

Piramidi hiyo hiyo bado inafichua. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba wameona uwazi mkubwa juu ya ile njia pana ya ndani, wenye urefu usiopungua mita 30, bila kutoboa tundu lolote. Walitumia chembe ziitwazo myuoni, zinazotunyeshea kutoka angani usiku na mchana. Jiwe hupunguza idadi yake, na palipo wazi hupita nyingi zaidi. Ukiweka vipokeo vyako chini kwa miezi kadhaa utajua wapi pana jiwe na wapi pana hewa. Mwaka 2023 wakathibitisha uwazi mwingine, ujia wa mita 9 nyuma ya mawe yaliyoegemeana upande wa kaskazini. Huu waliuchungulia kwa kupenyeza kamera nyembamba katikati ya kiungo cha mawe.

Hapo nilisimama kidogo. Hiyo ni kazi yangu! Ule waya mgumu wa kuvutia nyaya, unaoupenyeza ukutani huku mwenzako akisubiri upande wa pili na kupiga kelele "umefika, mzee, umefika", ndio huo huo, ila wao wamefungia kamera mbele. Walichokiona ni ujia mtupu, mawe hayakulainishwa, dari limekaa kama paa la kibanda. Hakuna dhahabu. Watu wengi mtandaoni walisikitika. Mimi niliangalia zile picha mara nne.

Sanamu ya Uhuru kule New York ndiyo iliyoniuma. Kila mtu anajua kwamba unaweza kupanda ndani yake mpaka kwenye taji na kuchungulia madirishani. Lakini mwenge umefungwa kwa wageni tangu mwaka 1916, shehena ya silaha ilipolipuka ng'ambo ya maji upande wa New Jersey na vipande vikairukia sanamu. Tangu hapo, ndani ya ule mkono ulioinuliwa kuna ngazi nyembamba ya wima ya kama mita 12, na wanaoipanda ni watu wa matengenezo wanaokwenda kuhudumia taa. Soma tena hapo. Rais akija ataishia kwenye taji, na fundi umeme anapanda mpaka juu kabisa.

Ngozi ya sanamu hiyo ni shaba yenye unene wa milimita 2.4 tu, imeshikiliwa na mifupa ya chuma iliyosanifiwa na Gustave Eiffel, yule yule wa mnara. Ukiwa ndani unauona uso wake kwa nyuma: pua ni shimo, mikunjo ya nguo ni mabonde. Ndivyo ninavyoona majengo siku zote. Kwenye hoteli moja kubwa hapa mjini wageni husifu dari la ukumbi, maua ya plasta na nini. Mimi nikiliwaza naona vyuma vyenye kutu na ndoo ya rangi iliyosahauliwa huko juu na watu wa miaka ya 1970.

Tukiwa kwa huyo Eiffel, juu kabisa ya mnara wake wa Paris alijiwekea chumba cha faragha, na matajiri wa mji waliona wivu. Aliwapokea humo wageni kama Thomas Edison, mwaka ule ule wa 1889 mnara ulipofunguliwa. Leo ukifika unachungulia kioo tu na kuona sanamu zao za nta. Sawa. Kilichonishika mimi ni majina. Kuzunguka ghorofa ya kwanza, upande wa nje, Eiffel aliandikisha majina 72 ya wanasayansi na wahandisi wa Ufaransa, kwa herufi kubwa. Hakuna hata jina moja la mwanamke, na waliopigilia zile ribiti milioni mbili na nusu hawamo. Nikajisemea, kama jina lako liko nje, wewe si fundi. Baadaye mwanzoni mwa karne ya 20 majina hayo yakapakwa rangi na kufunikwa, yakakaa gizani miaka mingi mpaka yalipofufuliwa miaka ya 1980. Wapaka rangi ni wenzetu, na siamini kwamba waliona haya hata kidogo.

Kijana wangu, ambaye anaamini kitu pale tu kinapokuwa na video, alinionyesha Kristo wa Rio de Janeiro, yule mwenye mikono iliyonyooshwa. Ndani ni zege tupu na ngazi, na mafundi hutokea kwenye vifuniko vidogo mabegani na kichwani, wamefungwa kamba, mji wote uko chini ya viatu vyao. Wanakwenda kurekebisha kilichopigwa na radi. Januari 2014 radi ilivunja ncha ya kidole gumba. Kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, tunaofunga vizuia radi kwenye shule na makanisa, hiyo si habari ya mbali.

Sanamu hiyo imevikwa vipande vidogo vya jiwe laini, vya pembetatu, na waliovibandika kwenye vitambaa kabla ya kupandishwa walikuwa wanawake wa kujitolea, wengi wao wa parokia. Baadhi yao waliandika nyuma ya vipande majina ya watu waliowapenda. Kisha vikageuzwa, vikagandamizwa kwenye saruji, na sanamu ikazinduliwa mwaka 1931. Majina yamo. Yanaitazama saruji. Nilipomweleza mke wangu hili aliacha kukunja nguo, akasema, "Na waume zao hawakujua?" Sikuwa nimefikiria upande huo.

Mafundi wa Washington nao, waliojenga jengo la kumbukumbu ya Lincoln kati ya 1914 na 1922, waliacha michoro yao kwenye nguzo za zege zilizo chini ya sakafu, kwenye lile pango la msingi. Ardhi ilikuwa ya tope, ikabidi misingi ishuke chini sana, na pakabaki nafasi kubwa gizani. Wageni wanapanda ngazi za marumaru kumwona Lincoln amekaa. Chini yao kuna vikatuni vilivyochorwa na watu waliokuwa wakisubiri chakula cha mchana.

Nimejiuliza kwa nini niende mbali. Hapa kwetu je?

Bwawa la Nalubaale kule Jinja, ambalo wazee bado wanaliita Owen Falls, tulipelekwa nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Malkia Elizabeth alilifungua mwaka 1954. Kwa miaka zaidi ya 60 kila basi la kwenda Busia lilipita juu yake, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2018, na sisi abiria tulichojua ni kwamba askari hataki kuona kamera. Ndani nakumbuka sakafu ikitetemeka mpaka kwenye meno, harufu ya mafuta, na mashine kumi zimejipanga. Maandishi sikuyatafuta, nilikuwa na miaka 19 na nilikuwa nikimtafuta msichana mmoja wa darasa la ufundi bomba.

Msikiti wa Taifa, Old Kampala, ule ulioanzwa enzi za Idi Amin na kumaliziwa kwa fedha za Libya, mnara wake unapandwa na yeyote mwenye pumzi na kiingilio. Ngazi ni 300 na ushei. Mimi nilihesabu 306, kijana akahesabu 304, na tumegombana mpaka leo. Ukutani huko juu watalii wameandika majina na mioyo kwa kalamu. Hayo sitayahesabu. Kuandika mahali ambapo kila mtu anapita ni kelele tu.

Lakini kuna maandishi ambayo yalininyima usingizi kabla hata ya hii habari ya kanisa. Ndani ya ua la Lubiri, jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, kuna handaki. Lilijengwa kuwa ghala la silaha, kwa msaada wa Waisraeli, na wakati wa Amin likawa mahali pa kutesea na kuulia watu. Nilikwenda na binti yangu mkubwa alipokuwa anasomea historia. Ni ujia mrefu wa zege wenye vyumba upande mmoja, sakafu za vyumba ziko juu kidogo kuliko ujia, na chini mlikuwa mmejaa maji. Mwongozaji alitueleza kwamba maji yale yalitiwa umeme, ili mfungwa asithubutu kutoka, na aliyetupwa au aliyejitupa humo alikufa hapo hapo.

Nilifanya jambo la kijinga: nilianza kutafuta kwa macho waya ulipoingilia. Nimeshika umeme miaka 31, mkono ulishazoea kuuliza swali hilo kabla ya kichwa. Kuna fundi aliyeuvuta. Mtu aliyejua, kama mimi, kwamba maji na umeme havikai pamoja, na alilipwa kuviweka pamoja. Ukutani kuna alama za viganja na maneno yaliyoandikwa kwa mkaa na waliofungwa. Sikuyapiga picha. Binti yangu aliyasoma yote, akaandika kwenye daftari lake, na kwenye boda boda hatukuongea mpaka nyumbani.

Basi nikajikuta nayaweka pamoja kichwani, Marafiki wa Khufu, wanawake wa Rio, viganja vya Mengo na mvua ya mwaka 1958, na hayataki kukaa rafu moja. Nimeyaacha.

Kisha kuna Kasubi, makaburi ya makabaka, ambako hakuna cha kusoma. Nilikwenda mwaka 2004, kabla ya moto. Unavua viatu, unainama, unaingia kwenye nyumba kubwa ya nyasi ya Muzibu Azaala Mpanga, na macho yanachukua muda kuzoea giza. Juu, dari limeshikwa na pete 52, moja kwa kila ukoo wa Baganda. Mbele yako lubugo, nguo ya gome la mutuba, rangi ya udongo uliooka, inashuka kutoka juu mpaka chini kama ukuta. Nyuma ya pazia hilo ni kibira, msitu. Humo wamelala makabaka wanne, kuanzia Mutesa wa Kwanza. Mgeni haingii. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya pazia, na alinitazama kwa upole wa mtu ambaye hajawahi kulazimika kupaza sauti.

Tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliungua. Nilisikia redioni usiku, na asubuhi wateja wangu wawili Waganda hawakufungua maduka. Imejengwa upya, kwa kufuata taratibu za koo. Kuezeka nyasi ni kazi ya ukoo wa Ngeye na haikodishwi kwa mtu mwenye kandarasi. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Siku hizi kuna mitambo ya kuzimia moto, Wajapani walisaidia kuigharamia, na hilo mimi kama fundi nalipigia makofi.

Rafiki yangu alinichokoza: ukiitwa kuvuta waya Kasubi, hutachungulia nyuma ya pazia? Nilimjibu nitamaliza kazi nikiwa nimegeuzia pazia mgongo. Alidhani nafanya mzaha. Mfanyabiashara mmoja Mhindi ninayemtengenezea taa za duka aliniambia kwamba hata kule Taj Mahal yale makaburi ya marumaru wanayoyaona watalii ni ya juu juu tu. Mfalme Shah Jahan na mkewe Mumtaz wenyewe wamelala chumba cha chini, kinachofunguliwa siku tatu kwa mwaka, wakati wa kumbukumbu ya kifo cha Shah Jahan. Yeye alibahatika kushuka mara moja. Nilimwuliza kukoje. Akasema ni chumba kidogo, ni cha kawaida, na kwamba alitoka haraka kwa sababu aliona kama amefungua mlango wa chumba cha wazazi.

Ijumaa tulirudi kanisani kuziba lile tundu. Nilikata kipande cha mbao, nikakipiga randa mpaka kikakaa, kijana akapaka rangi kutoka chini. Mlezi wa kanisa alisimama akitazama juu, mikono nyuma, akasema, "Fundi, safari hii uje na miguu yote miwili kupitia mlangoni."

Kabla ya kushuka nilirudi kwenye ile kenchi. Penseli yangu ni nyembamba kuliko yake. Chini ya mvua yake niliandika: "Mguu umepita hapa," na tarehe. Kijana alipanda kuniangalia, akasoma yote mawili, akacheka, kisha akaomba penseli. Nikamwona anaandika namba yake ya simu, polepole, tarakimu moja moja.

"Nani atakupigia huku juu?"

"Fundi atakayefuata, mzee. Labda atataka kujua waya unapita wapi."